Kuhamisha mchezo wa mezani hadi kwenye simu bila kuuvunja: mwongozo kamili, kwa mfano wa bao

Toleo la kwanza la bao nililoandika kwa ajili ya simu nilimpelekea mzee mmoja anayecheza barazani karibu kila alasiri. Akavaa miwani, akacheza zamu tatu, akanirudishia simu.

"Mwanangu, hili linacheza lenyewe."

"Kwa vipi, mzee?"

"Nimekula pale kati. Nani kakwambia nataka kuanzia kichwa cha kushoto?"

Alikuwa sahihi. Ili kumpunguzia mchezaji miguso ya skrini, nilikuwa nimeiamuru programu ichague yenyewe kichwa kilicho karibu, yaani lile shimo la mwishoni mwa safu ya mbele ambako kete ulizokula zinaanzia kusambazwa. Kwangu ulikuwa ukarimu. Kwake nilikuwa nimemnyang'anya nusu ya mchezo, kwa sababu kuchagua kichwa cha kuanzia ndiko kunakoamua kete ya mwisho itaangukia wapi, na kete ya mwisho ndiyo inayoamua kama utakula tena au utalala, yaani zamu yako itaisha.

Wiki hiyohiyo mpwa wangu wa miaka 11 aliifungua programu ileile akakwama ndani ya dakika moja. Kila shimo aliloligusa lilikataa. Kumbe palikuwa na mtaji, yaani nafasi ya kula, na katika bao ukiwa na mtaji huna ruhusa ya kucheza kingine. Programu ilijua hivyo, yeye hakujua, na hakuna aliyemwambia.

Watu hawa wawili ndio wanaokusubiri ukiamua kuhamisha mchezo wowote wa mezani: bao, drafti, karata, au michezo mikubwa ya kuigiza ya Dungeons & Dragons. Mmoja anaujua mchezo kuliko wewe, mwingine haujui kabisa. Wengi hudhani wamesimama kwenye ncha mbili za mizani, kwamba ukimridhisha huyu unamuudhi yule. Mimi siamini hivyo. Nilivyokuja kuona ni kwamba mkongwe anakasirika ukimwondolea uamuzi, na mgeni anakimbia ukimwachia kazi ya mikono na ya kukariri. Ni vitu viwili tofauti, na sehemu kubwa ya kazi ni kuvitenganisha.

Hatua ya kwanza: andika sheria kama vile msomaji hana akili ya kujiongeza

Mezani sheria haikamiliki kwenye karatasi. Ikitokea hali ngeni, wachezaji wanatazamana, mmoja mkubwa anatoa uamuzi, mchezo unaendelea. Mashine haina mkubwa wa kumtazama, kwa hiyo kabla ya mstari wa kwanza wa programu, kaa mezani ukacheze, daftari likiwa pembeni.

Amua kwanza unahamisha mchezo gani hasa. Bao la kiswahili, linalochezwa sana Zanzibar na pwani, lina mashimo 32 katika safu nne za mashimo manane. Kila mchezaji ana safu mbili na kete 32, jumla 64. Mwanzoni kete sita zinakaa kwenye nyumba, lile shimo la nne kutoka kulia kwenye safu ya mbele. Mbili mbili zinakaa kwenye mashimo mawili yaliyo kulia kwa nyumba. 22 zilizobaki mchezaji anazishika mkononi. Awamu ya kwanza ni ya kunamua: kila zamu unaingiza kete moja ubaoni kutoka mkononi. Mkono ukiisha inaanza awamu ya mtaji, ambapo unacheza kwa kete zilizomo ubaoni tu. Anayemalizikiwa na kete kwenye safu yake ya mbele, au anayekosa pa kuchezea, ameshindwa.

Hapo nimeandika kisehemu kidogo cha sheria, na tayari maswali yamejaa. Nikila kwenye kimbi, yaani kichwa au shimo linalofuata kichwa, naruhusiwa kuchagua upande? Hapana, unaanzia kichwa cha upande uleule. Nikila kwa mara ya pili ndani ya zamu moja, nachagua upya? Hapana, unaendelea na mwelekeo uliokuja nao, isipokuwa umekula kwenye kimbi, kwani hiyo inaweza kukugeuza. Shimo lenye kete 16 au zaidi linaweza kuanzisha mtaji? Hapana. Kila "je, ikiwa" ipewe mstari wake kwenye daftari, na mbele yake jibu la mchezaji unayemwamini. Ukipata majibu mawili kwa wachezaji wawili, usichanganye. Chagua moja, uandike mahali panapoonekana ni sheria za wapi, na jingine liwe chaguo kwenye menyu kama lina wafuasi wa kutosha.

Kuna hali ambazo mezani hazitokei karibu kabisa lakini mashine itakutana nazo. Mwaka 2006 watafiti Kronenburg, Donkers na de Voogt walionyesha kwamba katika bao inawezekana kukawa na zamu isiyokwisha: kete zinazunguka, zinaokotwa, zinazunguka tena, milele. Barazani mtu atachoka, watu watacheka, wataafikiana. Simu haichoki. Itazunguka mpaka betri iishe. Kwa hiyo weka kikomo cha mizunguko, na amua mapema kikifikiwa kinatokea nini: zamu inalala, au mechi inavunjwa, au aliyeanzisha anapoteza. Lolote utakaloamua ni sheria mpya uliyoitunga wewe, basi iandike miongoni mwa sheria, usiifiche ndani ya programu.

Hatua ya pili: gawa kila sheria katika mafungu matatu

Chukua daftari lako, na pembeni ya kila sheria andika herufi moja: M kwa kazi ya mikono, U kwa uamuzi, D kwa desturi.

Kazi ya mikono ni kila kitu ambacho wachezaji wawili wazuri wangekifanya sawasawa kabisa. Kusambaza kete moja moja. Kuangalia kama shimo la mbele ya adui lina kitu. Kukumbuka kwamba una mtaji. Katika Dungeons & Dragons ya zamani, toleo la pili la Advanced, kulikuwa na hesabu maarufu iliyoitwa THAC0: kujua kama upanga umempata adui ulitakiwa utoe namba ya kinga yake kutoka namba yako, na kinga bora ilikuwa namba ndogo, hata chini ya sifuri. Watu walikuwa wakikosea hesabu hiyo miaka yote. Baldur's Gate ya mwaka 1998, iliyotengenezwa na BioWare, iliiacha sheria hiyo ilivyo, ila kompyuta ndiyo ikatoa na kujumlisha. Sheria haikuguswa na mzigo ukapungua. Huo ndio uzuri wa herufi M: karibu kila unachokipa herufi hiyo unaweza kuikabidhi mashine bila mtu yeyote kulia.

Uamuzi ni pale ambapo wachezaji wawili wazuri wangeweza kuachana njia. Kichwa kipi uanzie. Shimo lipi ule wakati mitaji ni mitatu. Na ule mzuri kuliko yote katika bao: umesambaza katika zamu ya kula, kete ya mwisho imeangukia kwenye nyumba yako ambayo bado ina hadhi yake, na hakuna cha kula mbele. Utasimama uilinde nyumba, au utazikomba kete zote uende safari? Hapa mashine haina ruhusa ya kukusaidia. Isimamishe kila kitu ikuulize.

Desturi ni fungu gumu, kwa sababu limejificha. Mezani kete zinaonekana kwa jicho, hazina namba juu yake. Barazani kuna watazamaji, kuna utani, kuna anayemwambia mwenzake amelala kabla hajalala. Nilipoweka namba ya kete juu ya kila shimo, mpwa wangu alifurahi. Yule mzee alisema mtoto anayesoma namba hatajifunza kuliona bao. Sikuiondoa namba, ila niliificha: ukitaka kujua shimo lina kete ngapi, unalishika kwa kidole na namba inatokea. Mgeni anashika kila shimo, mkongwe hashiki kabisa, na hapakuwa na haja ya kuwauliza wao ni nani.

Usistaajabu ukikuta sheria moja ina herufi mbili. Sheria ya kulazimika kula, kwa mfano, ni M kwa sababu mashine inaweza kuisimamia. Lakini mezani mchezaji asiyeuona mtaji wake anaweza kuambiwa na watu, au kukemewa, na kule kuutafuta ni sehemu ya ufundi. Mimi niliamua yang'ae mashimo yenye mtaji kwa anayeanza, na mng'ao uzimwe kwenye menyu kwa anayetaka kutafuta mwenyewe. Programu haimruhusu kucheza kinyume, ila haimwonyeshi pia.

Hatua ya tatu: tafuta sheria zisizoguswa

Hapa watengenezaji wengi huanza kukata. Sheria inaonekana ngumu, wanaiondoa. Kabla ya kukata, jiulize swali moja: nikiiondoa sheria hii, mchezaji mzuri atacheza tofauti? Kama hatacheza tofauti, ondoa bila majuto. Kama atacheza tofauti, jua kwamba unatunga mchezo mwingine, hata kama jina limebaki.

Ukiiondoa nyumba kwenye bao, namua yote inapoteza maana, kwa sababu sehemu kubwa ya ufunguzi ni kuvutana juu ya nyumba: lini uilinde, lini uivunje. Nyumba haikatwi. Ukiiondoa takasia, ile sheria ya awamu ya mtaji inayofunga shimo la mchezaji katika hali fulani adimu, wachezaji wa kawaida wanaweza kucheza mechi nyingi wasijue. Mimi nimeiweka, lakini kwenye kiwango cha mwisho, na kitakachofuata hapa chini kitaeleza kwa nini sikuona aibu.

Mfano wa nje unaonifundisha kuliko yote ni Blood Bowl, mchezo wa mezani wa mpira wa vurugu kati ya mazimwi na vibeti. Kampuni ya Ufaransa, Cyanide, iliutoa kama gemu mwaka 2009 ikiwa na namna mbili za kucheza: ya zamu, kama mezani, na ya papo kwa papo, ambapo wachezaji wote wanakimbia kwa wakati mmoja. Ya pili ilikusudiwa kuwavuta wageni. Lakini roho ya mchezo ule ni kwamba ukifanya kosa moja zamu yako inakatika palepale, kwa hiyo kila tendo unalipanga kuanzia lenye hatari ndogo kwenda kubwa. Bila zamu, hofu hiyo haipo, na bila hofu hiyo kilichobaki ni gemu ya mpira isiyo nzuri sana. Toleo la pili la mwaka 2015 halikuwa na namna ya papo kwa papo.

Pathfinder: Kingmaker ya mwaka 2018 ilikwenda kinyumenyume. Ilitoka bila mfumo wa zamu, ingawa mezani mchezo wenyewe ni wa zamu. Wachezaji walitengeneza nyongeza yao wenyewe ya kuurudisha, na mwaka 2020 kampuni ikauingiza rasmi. Watu wakitengeneza kwa mikono yao kitu ulichokata, hiyo ni barua. Isome.

Hatua ya nne: jenga ngazi, usijenge mlango mwembamba

Wazee wa bao walishalitatua tatizo hili kabla ya umeme. Hakuna anayemfundisha mtoto kwa kumwanzishia namua, nyumba, safari na kimbi kwa siku moja. Kuna bao la kujifunza: kete mbili mbili katika mashimo yote 32, hakuna kete mkononi, hakuna nyumba, unaanza moja kwa moja kwa mtaji. Mtoto anajifunza kusambaza, kuendelea, kula na kulala. Akishaiva anahamia bao kamili. Na bao la kujifunza lina jina lake. Hakuna anayejifanya kwamba ndilo bao lote.

Hapo kuna mambo mawili ya kuiga. Kwanza, toleo jepesi liwe mchezo wenyewe uliopunguzwa sehemu, si mchezo mwingine unaofanana kwa sura. Chochote mtoto anachokijua kwenye bao la kujifunza kinabaki kweli kwenye bao kubwa. Pili, liitwe kwa jina lake. Mchezaji ajue yupo ngazi ya ngapi na juu kuna nini.

Hizi ndizo ngazi nilizoishia nazo baada ya kubadilisha mara nyingi.

1. Kusambaza tu. Mashimo machache yana kete, hakuna adui. Lengo ni kete ya mwisho iangukie shimo lililowekwa alama. Dakika mbili.
2. Kula. Safu ya adui inaingia, lakini hachezi. Mchezaji anagundua kwamba kete alizokula haziondoki ubaoni, zinaingia upande wake kuanzia kichwa. Hii inawashangaza sana wale waliozoea Kalah, ule mchezo wa mashimo sita sita uliobuniwa Marekani mwaka 1940 na William Julius Champion, ambao programu nyingi huuita mankala. Kule kete ukizipata zinakwenda ghalani na hazirudi. Kwenye bao zote 64 zinabaki vitani, na safu ya nyuma hailiwi. Usilifiche jambo hili kwenye maandishi. Lifanye litokee machoni pake.
3. Bao la kujifunza dhidi ya mashine dhaifu, mechi nzima.
4. Namua na nyumba, bila safari: ukiangukia nyumba unasimama.
5. Safari na kimbi.
6. Bao kamili, takasia ikiwemo.

Ngazi ya nne ina dhambi ndogo. Kule kusimama kwa lazima kwenye nyumba si sheria ya zamu ya kula, na nilijadiliana na nafsi yangu sana kabla ya kuiweka. Niliikubali kwa sababu haimfundishi mtu jambo la uongo, inamnyima chaguo moja kwa muda, na skrini inamwambia hivyo waziwazi.

Mkongwe asilazimishwe kupanda ngazi. Skrini ya kwanza iwe na vitufe viwili, "Nafundishwa" na "Nacheza", basi. Nimeona gemu nzuri zikipoteza watu kwa somo la dakika kumi lisilorukika.

Hatua ya tano: mashine ikifanya kazi, ionekane ikifanya

Ukiikabidhi mashine kazi ya mikono, kuna hatari mpya: mchezaji anagusa shimo, ubao unamweka, hali imebadilika, hajui kilichotokea. Zamu moja ya bao inaweza kuwa na kusambaza, kula, kusambaza tena, kuendelea, kula mara ya pili. Ukiyapitisha yote kwa nusu sekunde umemwondolea mtu kazi na ufahamu pamoja.

Kwa hiyo kete zitembee moja moja, kila moja na mlio wake. Tumia mlio halisi wa komwe kwenye mbao, urekodi mwenyewe kwa simu. Mwendo uanze polepole na mchezaji aweze kuuongeza. Pembeni pawe na kumbukumbu ya zamu kwa maneno mafupi: "umekula 4, kichwa cha kulia, umeendelea, umelala". Na kitufe cha kurudisha nyuma kiwepo unapocheza na mashine, kisiwepo unapocheza na mtu.

Suala la kuuliza au kutouliza ndilo linalohitaji uangalifu zaidi. Katika Magic: The Gathering, mchezo wa karata wa mwaka 1993, karibu kila hatua mpinzani ana haki ya kujibu. Mezani mnapitisha kwa kutikisa kichwa. Magic Online ya mwaka 2002 ilizihifadhi haki hizo kwa uaminifu, na matokeo yake ni kubofya, kubofya, kubofya. Magic Arena, iliyotoka rasmi mwaka 2019, inapitisha yenyewe pale ambapo kwa kawaida huna la kufanya, inasimama pale unapoelekea kuwa nalo, na kwa wanaotaka kila kitu kuna namna iitwayo udhibiti kamili. Baldur's Gate 3 ya mwaka 2023 imefanya jambo la jamii hiyo kwa matendo ya kujibu shambulio: mchezaji anachagua, tendo kwa tendo, kama gemu imuulize au ijiamulie.

Kwa bao, kanuni yangu ni hii: uliza pale tu ambapo majibu yote mawili yanaweza kuwa sahihi. Kuchagua kichwa, uliza, lakini kwa mguso uleule: mchezaji akishagusa shimo la kula, anaburuta kidole kushoto au kulia. Kwenye kimbi usimuulize, maana hana chaguo. Onyesha mshale tu. Safari, uliza kila mara, hata kwa bingwa. Swali hilo halichoshi, kwa sababu ndilo alilokuja kulijibu.

Hatua ya sita: ukibadilisha, tangaza

Utabadilisha. Hakuna aliyehamisha bila kubadilisha, hata waaminifu wakubwa. Baldur's Gate 3 inajulikana kama gemu ya toleo la tano la Dungeons & Dragons, lakini ndani yake kumsukuma adui kunatumia tendo dogo badala ya tendo kamili, na kwenye majaribio ya ustadi dadu ya pande 20 ikitoa 1 umeshindwa hata kama uwezo wako ungetosha, jambo ambalo kitabu cha sheria za toleo hilo cha mwaka 2014 hakikusema. Wachezaji wa mezani walibishana, lakini wengi walicheza, kwa sababu kusukumana kulizifanya ngazi na magenge ya ramani yawe na faida, na skrini ya kompyuta inapendeza kukiwa na mtu anayeanguka.

Dadu ina shida yake ya pekee. Mtu akikosa mara nne mfululizo mezani anacheka, dadu aliirusha mwenyewe. Akikosa mara nne kwenye kompyuta anasema kompyuta inamwibia. Larian, watengenezaji wa Baldur's Gate 3, waliweka chaguo linalozuia mikosi mirefu, na chaguo hilo linaonekana kwenye mipangilio, unaweza kulizima. XCOM 2, gemu ya vita vya zamu, inawasaidia walio kwenye viwango vya chini kwa kuwaongezea uwezekano wa kulenga bila kuwaonyesha. Mimi niko upande wa kuonyesha. Bao halina dadu, lakini lina mashine ya kucheza nayo, na kishawishi ni kilekile: mashine ijikoseshe kwa makusudi ili mtoto ashinde. Sawa, ifanye hivyo, ila ikubali hadharani. Kiwango kiitwe "inakosea makusudi". Mtoto hana neno na hilo, na mzee hatadanganyika kwamba amemshinda fundi.

Weka ukurasa mmoja ndani ya programu wenye kichwa "Tulichobadilisha". Mistari kumi inatosha. Utashangaa jinsi ukurasa huo unavyopunguza ugomvi. Mkongwe akikuta umeijua sheria na umeiacha kwa sababu uliyoitaja, atakubishia sababu. Akikuta umenyamaza, atadhani hukuijua.

Hatua ya saba: pima ubao kwa kidole

Hapa pana hesabu ndogo ambayo ingeniokolea mwezi mzima. Mwongozo wa Android unapendekeza kila kitu cha kuguswa kisipungue vipimo 48 vya skrini, vile vinavyoitwa dp. Simu nyingi za kawaida zikisimama wima zina upana wa vipimo 360 hivi. Gawa kwa mashimo manane: 45. Tayari umekosa, na hujaweka hata ukingo wa ubao. Ukilaza simu, urefu ule wa 360 unagawanywa kwa safu nne, unapata 90, na nafasi inabaki. Kwa hiyo bao linalala. Ukilazimisha lisimame, vidole vitagusa shimo la jirani, na kosa la kidole katika mchezo wa mtaji ni mechi kupotea.

Mambo mengine nayapitisha haraka. Programu iwe nyepesi na icheze bila intaneti, kwani data ni pesa. Watu wawili waweze kucheza kwenye simu moja iliyowekwa kati yao, na maandishi ya upande wa pili yageuke yamtazame aliye mbele. Rangi ya kete itofautiane na ya shimo juani pia, si chumbani tu.

Hatua ya nane: acha majina yake

Kuna ushauri unaozunguka kwamba istilahi zinatisha wageni, kwa hiyo "namua" iitwe "awamu ya kwanza" na "takata" iitwe "zamu bila kula". Usiufuate. Mtu akijifunza mchezo anajifunza pia kuuongea, na siku atakayokaa barazani atahitaji maneno hayo zaidi ya atakavyohitaji programu yako. Tumia jina halisi kila mara, na mchezaji akiligusa, maana itokee kwa sentensi moja. Sentensi moja, si aya. Takata: zamu ambayo huna mtaji, unasambaza bila kula. Imetosha.

Hatua ya tisa: jaribu kwa watu wa pande mbili, na unyamaze

Watafute wageni watatu na wakongwe watatu. Wape simu, kaa pembeni, usiseme neno. Kwa mgeni, andika kila mahali anaposimama zaidi ya sekunde kumi bila kugusa kitu. Kwa mkongwe, andika kila anapouliza "kwa nini": kwa nini imefanya hivi, kwa nini hainiachi, kwa nini inaniuliza. Kusimama kwa mgeni kwa kawaida kunaonyesha kazi ya M uliyoisahau. Swali la mkongwe kwa kawaida linaonyesha U uliyoipora.

Ukipata malalamiko yanayogongana kabisa, mgeni akitaka kitu na mkongwe akikikataa, rudi kwenye daftari uangalie herufi uliyoiandika. Mara nyingi utakuta sheria mbili zimeandikwa kama moja. Kwangu ilikuwa "mchezaji anakula na kusambaza". Kula kulikuwa M, kwa sababu mtaji ulikuwa mmoja tu. Kuanzia kichwa kipi kulikuwa U. Niliyaweka kwenye mstari mmoja, nikayapa mashine yote mawili.

Nilipomrudia mzee na toleo la nne, alicheza mechi nzima kimya, akaangukia nyumba, swali la safari likatokea. Alikaa nalo muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kisha akaondoa miwani, akamwita jirani yake aje aone, na wakaanza kubishana.